Kidonge cha Watu Wawili

Mume wangu Haruni hajui kula peke yake. Ukimpa andazi, atalimega kabla hajalionja, halafu ataangaza macho kumtafuta wa kumpa kipande. Mwanzoni mwa ndoa yetu nilikuwa nikiisifia tabia hiyo mbele ya mashoga zangu, nikijiona nimeolewa na muungwana. Siku hizi mtu akinisifia muungwana huyo natamani kumrushia kiatu.

Anayepewa kipande ni yule yule siku zote, Muhidini, jirani yetu hapa Miburani. Waliingia jandoni siku moja, wakalala mkeka mmoja, wakauguza vidonda vyao pamoja, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuwatenganisha. Hata kazi yao ni moja, wanafua nazi. Kila mmoja anasimika kifuo chake, anaikita nazi kwenye ile ncha ya chuma na kuivua makumbi kwa nguvu za mabega, kuanzia asubuhi mpaka mwenye shamba atosheke. Muhidini alifiwa na mkewe zamani, hakuoa tena, na chakula chake kinatoka jikoni kwangu. Sijawahi kunung'unika kwa hilo. Nalisema mapema ili asije mtu akaniita mchoyo.

Kifua cha Haruni kilianza kumbana akiwa kazini. Akifua nazi anahisi kama mtu amemkalia kifuani, maumivu yanashuka mkono wa kushoto, akipumzika yanaondoka. Tukazunguka huku na huku tukiambiwa ni vidonda vya tumbo. Tukanunua dawa za tumbo. Tukaacha pilipili, tukaacha maharage, nikapika vyakula visivyo na ladha mpaka vikanishinda mwenyewe, na kifua kikaendelea kubana vile vile. Ni Daktari Laurencia, binti wa Bukoba aliyehamishiwa hospitali ya Kilindoni, aliyetuuliza kama maumivu yanakuja akila au akifanya kazi. Nikamwambia akifanya kazi. Akambandika nyaya kifuani, akaisoma ile karatasi yenye milima na mabonde, akasema ugonjwa uko kwenye moyo, mishipa inayoulisha inaziba, na lazima tuvuke bahari kwenda Dar es Salaam.

Kule walimpitishia mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono, karibu na kiganja, ukaenda mpaka moyoni. Wakaingiza dawa ya rangi na mishipa yote ikaonekana kwenye skrini. Mmoja ulikuwa umebanana, damu inapenya kama uzi. Wakautanua, wakaacha humo kibomba kidogo cha nyaya zilizosukwa kama dema la kuvulia samaki, wenyewe wanakiita stenti. Mimi niliyekuwa nikilia nje kwa kudhani wanampasua kifua nilishangaa kumwona anarudishwa wodini na bandeji ya mkononi tu, anaulizia chai.

Daktari wa moyo alitukalisha chini akatueleza taratibu. Kile kibomba ni kitu kigeni mwilini, na damu ikikipitia inataka kukigandia. Kwa hiyo Haruni atakunywa aspirini pamoja na dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, kila siku, mwaka mzima, bila kuruka hata siku moja. Akiruka, stenti inaweza kuziba ghafla, na ikiziba anaweza kufa kabla hatujamfikisha popote. Daktari alilirudia jambo hilo, na Haruni akaitikia kwa kichwa kila mara, kwa adabu zake zote.

Binti yetu Aziza, anayeishi Dar, akawa ananunua dawa na kututumia. Nami nilikuwa nakagua karatasi za vidonge. Vilikuwa vinapungua sawasawa, kimoja cha kila aina kwa siku, hakuna kilichobaki wala kilichozidi. Ndiyo maana nilichanganyikiwa kabisa kifua kilipoanza tena. Nilimkuta uani ameegemea ukuta, jasho linamtoka, ananiambia amechoka tu. Nikamburura hospitali.

"Shikamoo baba," Daktari Laurencia akamwamkia. "Dawa unakunywa kila siku?"

"Marahaba mwanangu. Hakuna siku iliyopita bila dawa."

Daktari akampima, akakunja uso, akasema labda kuna mshipa mwingine unaoanza kubana, itabidi turudi Dar. Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma. Nilimlaumu daktari, nikawalaumu wenye viwanda vya dawa, nikampigia Aziza simu nikamuuliza kama ana hakika hanunui dawa bandia. Mtoto wa watu akalia. Namwomba radhi mpaka leo.

Asubuhi moja nikampelekea Muhidini uji. Siku hizo alikuwa amepauka, akisimama anashika mlango kwanza, na mimi nilimfokea kwamba hali chakula cha kutosha. Nilipokata kona ya nyumba yake nikawaona wawili hao wamekaa barazani. Haruni alikuwa ameshika ile karatasi ya vidonge. Akavitoa viwili, akamtilia Muhidini mkononi, akampa na maji. Muhidini akameza.

Nikauliza, "Baba Aziza, unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. "Leo zamu ya Muhidini."

"Zamu gani?"

"Leo anameza yeye, kesho nameza mimi. Naye kifua kinamchoma, mama Aziza. Kazi yetu moja, ugonjwa wetu mmoja. Mimi nimeshazibuliwa, yeye bado. Sasa nikae nimeze peke yangu, mwenzangu ananitazama?"

Uji ulinimwagikia miguuni. Nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Nikamwambia huu si muhogo, hii ni roho yako, unaigawa nusu kwa nusu barazani kama mtu anayegawa kashata! Haruni akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

"Shemeji, zinanisaidia," Muhidini akadakia. "Tangu nianze kuzitumia naona afadhali."

"Basi twende ukapimwe upate zako!"

"Nikapimwe nini, shemeji, na dawa ninayo?"

Niambie, mtu kama huyo unamjibu nini?

Nikazifungia dawa kabatini, ufunguo nikauvaa shingoni. Kila asubuhi nikawa namtilia Haruni vidonge mdomoni kwa mkono wangu, nampa maji, nasimama mpaka ameze. Nikajiona nimeweza. Kumbe muungwana anavificha chini ya ulimi. Niligundua siku alipopita shangazi yangu akamsalimia, naye akaitikia salamu kwa pua, mdomo umefumbwa. Nikamshika shavu nikamwambia atoe alichonacho. Kikatoka kimoja kimeanza kuyeyuka. Cha pili nikakikuta kwenye pindo la shuka alilovaa, pamoja na vya siku zilizopita, anangoja nafasi ya kumpelekea Muhidini.

Nililia siku ile, na machozi yenyewe yalikuwa ya hasira. Nilikuwa sijui nimchukie nani. Haruni hakuwa mjinga. Maneno ya daktari aliyaelewa yote, nilipomuuliza aliniambia moja baada ya jingine. Isipokuwa kwake yeye kumeza dawa mbele ya mwenzake anayeumwa lilikuwa jambo lisilowezekana, sawa na kumwambia mtu atoke msikitini uchi. Nikaamua kesho yake niende kwa Daktari Laurencia nimweleze kila kitu.

Sikuwahi. Asubuhi hiyo hiyo Muhidini alianguka shambani, katikati ya makumbi. Haruni akampakia kwenye bajaji akamkimbiza hospitali, mimi nikafuata kwa bodaboda, kitenge kinapepea. Nilimkuta Haruni mlangoni anapayuka, "Moyo! Moyo wake huo! Nilisema mimi! Mnamnyima dawa!" Alikuwa ananitazama mimi alipokuwa akisema hivyo, na watu wote pale wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Daktari Laurencia akamwekea Muhidini zile nyaya. Akaisoma karatasi, akairudia. Kisha akamvuta ukope wa chini, na hata mimi niliyesimama mlangoni niliona jinsi ndani kulivyokuwa kweupe kama chaki.

"Baba, choo unachopata ni cha rangi gani?"

Muhidini akanitazama, akaona haya. Nikageuka nikaangalia dirishani.

"Cheusi," akasema kwa sauti ndogo. "Kama lami. Muda sasa."

"Na hayo maumivu, yanakuja ukifanya kazi?"

"Yanakuja njaa ikinishika. Yanachoma hapa chini ya kifua. Usiku pia yananiamsha."

"Kuna dawa yoyote unayotumia?"

Haruni ndiye aliyejibu, na mpaka hapo alikuwa bado anajiona ametenda jema. "Zangu. Tunagawana."

Sijawahi kumwona daktari akiweka kalamu chini namna ile. Akavuta kiti, akakaa karibu yao, akasema polepole. Moyo wa mzee Muhidini haukuonyesha tatizo. Dalili zote zilikuwa za kidonda cha tumbo kinachovuja damu. Dawa ile inayolinda kibomba cha Haruni kisigandiwe na damu ndiyo iliyokizuia kidonda cha mwenzake kisifunge. Kila alipopewa kidonge, alizidi kuvuja. "Na wewe, mzee Haruni," akamgeukia, "siku ulizompa yeye, kibomba chako kilibaki bila ulinzi. Ni bahati tu kwamba unanisikia ninayosema."

Haruni alikaa chini sakafuni. Sikuwahi kumwona akikaa hivyo, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto.

Wakasema inatakiwa damu haraka. Haruni akapandisha mkono wa shati, akakataliwa kwa sababu ya ugonjwa wake na dawa anazotumia. Hilo likammaliza kabisa. Nikatoa mimi. Wakaipima, ikafaa, nikalala pale natazama damu yangu ikijaza ule mfuko, huku moyoni nikiwaza kwamba mtu huyu kala chakula changu, kala dawa za mume wangu, na sasa anakula damu yangu.

Muhidini akaanza kupata nafuu, na Haruni ndiye akanishinda. Aligoma kumeza. Safari hii hakuficha chini ya ulimi wala nini, alifumba mdomo tu.

"Kitu kilichomtoa mwenzangu damu, mimi nikitie kinywani?"

"Kwako ni dawa!" nikampigia kelele. "Kwake ndiyo ilikuwa sumu, kwako ni dawa, daktari amekueleza!"

"Nimeelewa."

"Basi meza!"

"Siwezi, mama Aziza."

Nilimbembeleza, nikamtisha, nikampigia Aziza simu akalia naye akimsikia. Nilimwambia akifa simkalii eda, niitwe nitakavyoitwa. Akanijibu kwa upole kwamba ananielewa. Hakuna neno linaloniudhi duniani kama hilo la kuelewa. Daktari Laurencia alimwambia waziwazi kwamba kila siku inayopita anacheza na kifo, akamwitikia kwa kichwa kama alivyomwitikia yule wa Dar. Tukatoka ofisini kwa daktari, vidonge bado viko mkononi mwangu, vimelowa jasho.

Nikaingia wodini alikolazwa Muhidini. Nilikuwa sijapanga la kusema, nilikuwa nimechoka tu.

"Shemeji, mwenzako hamezi dawa. Anataka kufa kwa ajili yako. Nakupa taarifa."

Muhidini alikuwa amelala, dripu mkononi. Akamwangalia Haruni aliyesimama nyuma yangu ameinamisha kichwa.

"Kweli?"

Haruni akaitikia kwa kichwa.

"Wewe uliniambia umeshazibuliwa," Muhidini akasema. "Uliniambia ukiruka siku moja hakuna neno. Kumbe ulikuwa unanipa roho yako?"

"Ningekula peke yangu vipi?"

"Shemeji, nipe hizo."

Nikampa. Akazishika, akamwita Haruni asogee. Haruni akasogea, akapiga magoti kando ya kitanda. Nikadhani Muhidini atamhubiria. Hakuhubiri.

"Fumbua."

Haruni akafumbua mdomo. Muhidini akamtilia vidonge, mimi nikampa kikombe cha maji. Akanywa huku machozi yanamtiririka, uso ameuficha ukutani kama mtu anayeiba.

"Inua ulimi."

Akauinua. Hapakuwa na kitu.

"Kesho vile vile. Na kesho kutwa. Shemeji atakuletea, umeze, usinitafute mimi."

Mimi nilikuwa nimesimama pale, nafuu na hasira vimenibana kwa pamoja. Miezi yote nimefunga kabati, nimepiga kelele, nimelia, nimeaibika mbele ya watu, na mwanamume huyu hakunisikia. Ameambiwa neno moja na huyu aliyelala, amemeza.

Haruni akajifuta uso kwa kiganja. "Na wewe je?" akamuuliza mwenzake. "Mimi nimepewa. Wewe nikupe nini?"

Muhidini akageuza kichwa juu ya mto, akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye.

"Mimi nina damu ya mkeo," akasema. "Sasa acha tugawane maneno tu."