Alisema Hana Undugu

Mkono wa kushoto wa shati ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa vidole vinne. Mireille aliupima kwa mita, akaupima tena kwa kiganja, akaamua kwamba Maman Georgette amekosea kukata. Hilo lilimshangaza, maana kwa miaka minane aliyofanya kazi katika chumba kile cha kushonea, pale Cimpunda, hakuwahi kuona mkasi wa Maman Georgette ukikosea. Akachukua wembe ili afumue.

"We! Acha ile shati vile iko," Maman Georgette alisema kutoka mlangoni. "Ndiyo vipimo yake."

"Ya nani, Maman Georgette?"

"Ya mwenye mukono. Shona, musichana, harusi haingojee."

Wakacheka wote wawili. Kitambaa kilikuwa cha harusi ya Nathalie, binti wa kaka yake Maman Georgette aliyekaa Katana. Ni kikwembe, kitenge cha kijani, ambacho familia ya bwana harusi na familia ya bibi harusi zilipatana kuvaa pamoja. Marafiki walichaguliwa kingine, cha bluu. Cha kijani kilikuwa cha ndugu na wakwe tu. Mireille alishona, akapiga pasi, akasahau.

Siku kumi baadaye tume ya uchunguzi ilifunguliwa katika salle, ukumbi wa parokia. Watu wa Cimpunda walikuwa wakiingojea tangu mvua za Aprili, siku ukuta wa kuzuia udongo wa barabara mpya ulipoangukia nyumba sita. Walikufa watu tisa. Mmoja wao alikuwa Patrice, kaka yake Mireille, aliyemlea tangu wazazi wao wafe. Maman Georgette ndiye aliyemshonea Patrice nguo ya kuzikwa nayo, na ndiye ambaye waliofiwa walimchagua aketi ndani ya tume kwa niaba yao. "Huyu ni wetu," walisema.

Wajumbe walikuwa watatu. Kabla ya lolote, kila mmoja alipaswa kusimama mbele ya watu na kutangaza kama ana undugu, urafiki au kazi na yeyote anayeguswa na jambo lile, kisha atie sahihi. Mwenyekiti, jaji mstaafu aliyeitwa Papa Télesphore, alianza na yeye mwenyewe.

"Mawe ya nyumba yangu nilinunua kwa Papa Adalbert, mjenzi wa ukuta huu. Ilikuwa zamani, lakini nataka mjue."

"Na nyumba ingali inasimama?" mama mmoja aliuliza kutoka nyuma.

Salle ikacheka, na jaji naye akacheka. Mjumbe wa pili, mhandisi, akasema alisoma na Adalbert mwaka mmoja.

"Basi na mimi niko na uhusiano na ukuta," yule mama akaongeza. "Ulianguka, ukalalaka kwa kitanda yangu."

Safari hii hawakucheka sana.

Maman Georgette akasimama. "Mimi siko na undugu, siko na urafiki, siko na kazi na mutu yeyote wa hii mambo. Mbele ya Mungu na mbele yenu."

Akatia sahihi. Watu wakapiga makofi, na Mireille akapiga kuliko wote.

Kisha Papa Adalbert akaitwa aonyeshe ramani ya ukuta. Mireille hakuwa amewahi kumwona. Alikuwa mzee mnene, mpole wa uso, amevaa koti la dukani, si la kushonewa. Upande wa kulia koti lilimkaa sawa. Upande wa kushoto lilimfunika vidole. Alipoinua ramani, mkono ule haukunyooka. Ulikuwa umevunjika zamani na kuunga vibaya. Mireille hakusikia hata neno moja la maelezo yake. Macho yake yalikuwa yakipima.

Wakati wa mapumziko alimkuta Maman Georgette kwenye robine ya maji, nyuma ya salle.

"Ile shati ya kijani," Mireille alisema, akitazama miguu yake kama desturi yake, "iko ya Papa Adalbert."

Maman Georgette alifunga maji polepole.

"Gentil ni mutoto wake," alisema. "Yule anaoa Nathalie. Ng'ombe za mahari zilishafika Katana. Sasa unataka niseme nini? Niseme, banifukuze, baweke mutu hajui hata njia ya kwetu? Nikiwa ndani nitawasaidia."

"Jaji alisema yake."

"Jaji alinunua mawe. Mimi naoza mutoto. Mawe haina machozi, Mireille." Akamshika shavu kwa mkono wenye maji. "Ni mimi, Georgette. Unaniogopa?"

Mireille akatikisa kichwa. Kweli, hakumwogopa. Alitaka sana kumwamini, hata akarudi ndani na kukaa, akijiambia kwamba mtu anaweza kuficha ukwe wake na bado akawatendea haki wafu.

Maman Georgette akaomba kumuuliza mjenzi swali.

"Papa Adalbert, ukuta inaweza kuanguka kama batu banachimba udongo chini yake?"

"Ukuta wowote ule, maman."

"Nauliza kwa sababu kuna mukaaji mumoja, marehemu, alikuwa anachota udongo kule, ndoo kwa ndoo, ya kupaka jikoni yake."

Minong'ono ikaanza. "Nani? Nani huyo?" Mtu akajibu, "Si Patrice ndiye alikuwa anapaka jikoni?" Mireille akahisi watu wa benchi lake wakisogea kidogo, upana wa kiganja tu, wakimwacha peke yake.

Habari ya ndoo alikuwa amemwambia mtu mmoja. Ilikuwa wiki ya mazishi, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya Maman Georgette, naye ameshikwa na ile hofu ya waliofiwa kwamba labda kosa ni letu wenyewe. Maman Georgette alimfuta makamasi kwa ncha ya kikwembe chake mwenyewe. "Nyamaza," alimwambia. "Ndoo saba haiangushe ukuta. Usirudie kuisema kwa mutu."

Hakurudia. Aliyerudia alikuwa Maman Georgette.

Mireille akasimama. Aliacha shule mwaka wa nne wa primaire, na tangu siku ile hakuna aliyemwita asimame mbele ya watu. Akashika mgongo wa benchi la mbele.

"Jina langu Mireille. Patrice ni kaka yangu."

"Paza sauti, binti," jaji alisema.

"Ndoo ilikuwa saba. Alichota ng'ambo ya barabara, hapana chini ya ukuta. Ni mimi nilizibeba, na shimo ingali pale, muende muone. Maman Georgette anajua, kwa sababu nilimwambia yote, hata ile ya ng'ambo. Na mutoto wa Papa Adalbert anaoa binti wa kwao Maman Georgette. Nguo ya bakwe nimeshona mimi mwenyewe."

Kelele zikajaa salle. Jaji akapiga meza kwa kiganja hadi ziliposhuka.

"Maman Georgette, ni kweli?"

Maman Georgette alitazama karatasi yenye sahihi yake. "Ile ni mambo ya familia," alisema.

"Ndiyo tuliyouliza."

Jaji akaivuta karatasi upande wake, akamwonyesha benchi la watazamaji. Maman Georgette akachukua mkoba, akashuka, na alipofika mbele ya Mireille akasimama.

"Nilikupa chakula, nilikupa kazi," alisema kwa sauti ndogo. "Kumbe nilikuwa nafuga nyoka."

Mireille alitaka kukaa, lakini jaji alikuwa bado ameshika kalamu.

"Na wewe, binti. Sheria ni ya wote. Kabla sijaandika maneno yako, useme mbele ya watu: una uhusiano gani na Maman Georgette?"

Ingetosha kusema kwamba ni bosi wake, ndiye aliyemfundisha kushona. Kila mtu alilingojea jibu hilo, na karani alikwishaanza kuliandika.

"Mama mwenye alinizaa simukumbuke sura," Mireille alisema. "Tangu niko na miaka kumi na mbili, kila siku nikisali, nikifika pale pa kuombea mama, nilikuwa nataja jina yake huyu. Hata leo asubuhi."