Ng'ombe wa Mzee Yiamat Ndani ya Kompyuta

"Watoe!" Mzee Yiamat alisimama barazani kwa Naisula, fimbo ameielekeza kwenye kompyuta. "Watoe ng'ombe wangu humo kabla hawajaungua!"

"Shikamoo, baba."

"Kaa na shikamoo yako! Umewapiga umeme, na umewahesabu!"

Hapo, nikiwa nimekaa pembeni yao, nikajua kinachomuuma ni kile cha pili. Kwetu huku Sekei ya juu, mzee kama Yiamat hata mkewe hamwambii ana ng'ombe wangapi. Ukimhesabia mtu mifugo, umeitakia msiba. Na usiniangalie hivyo. Mimi mzee sikumwambia kitu. Nilimwambia mkewe tu, Simaloi, tukiwa bombani, kwamba Naisula, jirani yetu anayesoma chuo, kachora ng'ombe saba wa mumewe na anawawekea umeme. Saba nilitaja mara moja. Labda mbili.

"Baba, ni michoro," Naisula alisema. "Huu ni ua wenu, na huu waya wa kuzuia ng'ombe wasile migomba yetu. Waya nimeupa volti za betri, ule umeme unaoitwa DC. Ardhi nimeipa sifuri. Kompyuta inatakiwa inionyeshe nguvu ya umeme imesambaa vipi. Inakataa tangu asubuhi! Saa sita kamili mwalimu anafunga kupokea kazi. Nisipotuma, narudia somo mwaka mzima."

"Rudia. Lakini watoe."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Nikasogea nione. Chini ya mchoro kulikuwa na maandishi mekundu.

"Inasemaje hiyo?" nikauliza.

"Inasema kuna chuma kimegusa waya na ardhi kwa pamoja, haijui ikipe volti ngapi. Nimekagua nguzo zote, Mama Princess. Zote mbao!"

"Na ng'ombe?"

Naisula akakohoa. "Ng'ombe niliwafanya wa chuma. Wakiwa chuma, kompyuta inakokotoa haraka."

"Wa chuma!" Mzee alishika kichwa. "Ng'ombe wangu! Wa chuma!"

"Baba, tazama mwenyewe, ni maboksi tu yenye pembe. Nilifuata picha niliyowapiga nikichungulia juu ya ua." Akamkuzia mchoro, boksi moja baada ya jingine, ili aridhike aondoke.

Mzee akainama, pua karibu iguse kioo. Hasira ikaanza kumpotea. Kwenye boksi la mwisho akagonga kwa kidole.

"Huyu pembe yake imeenda wapi?"

Naisula akakuza zaidi. Pembe ilikuwa imezama kwenye waya, na miguu iko ardhini.

"Ni yule mwekundu!" Mzee alipiga kelele. "Mshenzi huyo! Kila siku namchomoa kwenye seng'enge, na humu pia kaifuata!"

Naisula akamfuta mwekundu, akabonyeza. Rangi za kuonyesha umeme zikatandaa kuuzunguka waya. Kazi ikatumwa saa sita kasoro dakika mbili, mimi nikipiga vigelegele.

"Waliobaki humo," mzee akauliza taratibu, "ni wangapi?"

Naisula akaniangalia. Mimi nikaangalia paa.

"Sijui, baba. Sikuhesabu."

Mzee akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Sasa umesoma! Twende nyumbani, Simaloi kapika loshoro, mahindi yamelala kwenye maziwa mgando ya huyo huyo mwekundu. Na wewe, Mama Princess, njoo ule. Huo mdomo ukijaa, angalau utanyamaza."