Hamira ya Nchi Rafiki

Akufaaye kwa dhiki ndiye adui. Maneno hayo yaliandikwa kwenye kibao mlangoni mwa jiko letu, usiku wa jana nilipoota kwamba jiko limekuwa nchi na chekeche la mama limekuwa afisa wa forodha.

Natakiwa kupika mikate ishirini ya kumimina ya hitma ya bibi. Wageni wameshakaa mkekani. Rojo la mchele liko tayari. Hamira hakuna.

"Ipo kwa Bi Mwanate, ng'ambo ya barabara," nasema.

"Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wapika mikate ameamuru tununue kwa wanaokubaliana nasi tu," linajibu chekeche. "Bi Mwanate hakubaliani nasi. Mwaka juzi alitukatia hamira ghafla, tukala mikate kama vigae. Umesahau?"

Sijasahau. Hapo lina haki, na ndiyo maana linaniudhi.

Jiko linageuka uwanja wa ndege. Pakiti ya hamira inashuka ngazi, imevaa suti, kifuani ina stika: RAFIKI. Bei yake mara tatu.

"Mara tatu kwa lipi?" nauliza.

"Kwa urafiki."

Naimimina kwenye rojo. Nangoja. Rojo limelala kama maji ya mtungini.

"Mbona huumui?"

"Dada, nimechoka. Nimezungushwa nchi nne."

"Kutoka wapi?"

Inatazama kushoto, inatazama kulia. "Kwa Bi Mwanate. Rafiki yako alininunua pale, akanibandika stika."

Nalitazama chekeche. Chekeche linatazama dari. "Karatasi zake ni safi," linasema.

Mkekani, bibi, ambaye ndiye marehemu mwenyewe, anauliza, "Jamani, hitma yangu ni ya chai kavu?"

Nabandua stika ile, navuka barabara nayo mkononi. Bi Mwanate hanisalimii. Ananipimia hamira kwa bei ya siku zote.

"Chukua na ya akiba," anasema. "Hata mimi sijiamini."

Naamka. Rojo nililolaza jana bila hamira limeumuka mpaka limesukuma kifuniko. Kiganjani mwangu imenata stika: RAFIKI.

Mama amesimama mlangoni, chekeche mkononi.

"Saumu, rojo hili limeumuka kwa hamira ya nani? Usiniambie umevuka kwa yule mwanamke. Kamwombe radhi mwenyekiti kabla wageni hawajafika."

"Palia mkaa, mama, mikate iko tayari kumiminwa. Radhi siombi."