Shanga kwenye Shingo Ngeni

Vumbi la Kitengela huamka kabla ya watu. Huinuka nyuma ya malori ya saruji, huvuka barabara ya Namanga bila kuangalia kushoto wala kulia, huingia madarasani na kukaa juu ya madawati kama mwanafunzi anayeogopa kuchelewa. Asubuhi ile lilikuwa limelala juu ya kompyuta. Resian akalipangusa kwa upindo wa sweta yake, akamwambia Selpha, "Sasa washa."

Walikuwa wamepewa kazi ya bango la Siku ya Utamaduni, bango kubwa la kutundikwa langoni mwa shule. Resian alikuwa na mkono wa kuchora. Selpha, ambaye wazazi wake walitoka Bungoma wakapanga nyumba nyuma ya soko, alikuwa na jicho la kompyuta. Alijua herufi ipi inanong'ona na ipi inapiga kelele. Alijua rangi zinazopendana, na zile ambazo haziwezi kulala chumba kimoja.

Mmoja alichora, mmoja alipanga. Wawili walikuwa, na kazi ilikuwa moja.

Resian alimchora bibi yake, Koko Soipan, aliyemlea kule Kajiado. Alichora masikio yaliyotobolewa usichanani yakavutwa hadi yakakaribia mabega. Alichora mikunjo ya paji la uso, mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayefuata njia za ng'ombe mlimani. Alichora jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, kwa maana ndivyo lilivyo, kwa maana ndivyo Koko anavyoutazama ulimwengu: nusu akiupenda, nusu akiushuku. Kisha akachora shanga, safu juu ya safu, mpaka penseli ikawa kisiki.

Selpha aliupitisha mchoro kwenye skana, akazipaka shanga rangi kwenye kioo cha kompyuta, nyekundu, nyeupe, buluu, akirudi Resian alipomwambia rudi.

"Kumbe shosho yako ni mrembo hivi!"

"Usimpunguze hata mkunjo."

"Nampunguzaje? Hiyo si itakuwa kumwibia?"

Wakacheka. Mchana ule Resian alimfundisha kuinamisha kichwa mbele ya mtu mzima ili aguswe utosini, na Selpha akaijaribu salamu hiyo mpaka shingo ikamuuma. Mmoja alichora, mmoja alipanga. Wawili walikuwa, na kazi ilikuwa moja.

Jumapili, Resian akapiga simu Kajiado. "Koko, uje. Utajiona langoni, mkubwa kama nyumba."

"Na mimi nimefanya nini," Koko akauliza, "hata nitundikwe langoni?"

"Umenilea."

 Simu ikapenga kamasi.

Wiki ya sherehe, homa ikamlaza Resian kitandani. Bango likabaki mikononi mwa Selpha, na Mwalimu Bedan, msimamizi wa sherehe, akaja kulitazama. Alisimama mbele ya kompyuta, mikono nyuma. "Huyu mama amechoka sana," akasema. "Wageni wanataka kitu cha kung'aa. Weka msichana anayetabasamu. Shanga ziache, shanga ni nzuri." Selpha akafungua mdomo. Selpha akaufunga. Akatafuta mtandaoni, akapata uso laini usio na kwao, uso uliowahi kuuza sabuni au labda maziwa, akaukalisha juu ya shingo ya Koko Soipan. Ukakaa vizuri. Alikuwa fundi, ungekaaje vibaya?

Kwa Resian akatuma ujumbe mfupi: Bango limetoka poa. Upone haraka.

Siku ikafika, nyeupe kwa jua. Koko alishuka kituoni amevaa shuka jipya, na shingoni zile shanga zenyewe. Resian akamshika mkono, miguu yake mwenyewe bado haina nguvu kwa homa, wakapanda taratibu kuelekea langoni. Koko alitazama juu. Akatazama kwa jicho kubwa, akatazama kwa jicho dogo.

"Hizi shanga ni zangu," akasema kwa Kimaasai. "Huyu mtu ni nani?"

 Damu ilimpanda Resian masikioni, ikashuka, ikamwacha baridi.

Selpha akaja mbio kutoka uani, akapunguza mwendo alipowaona. Akainamisha kichwa kama alivyofundishwa. Koko, asiyejua lolote, akauweka mkono wake utosini pake, akauacha hapo muda mrefu. "Huyu ndiye rafiki yako wa kompyuta?"

"Ndiye," Resian akasema.

Koko alipogeuka kusalimiana na wazazi wengine, Selpha akanong'ona. "Mwalimu ndiye alisema. Ningekataa, wangelitoa lote. Angalau shanga zilibaki."

"Si ungeniambia."

"Ulikuwa mgonjwa."

"Niko na simu, Selpha."

Ee Selpha, mwenye jicho la rangi! Uliijua kila buluu ya shanga zile, ukakosa kuujua uso ulioziinua. Resian hakuyasema hayo. 

Wageni wakaanza kupanga foleni ili wapigwe picha chini ya bango, na Koko alikuwa bado amesimama pale, anajitafuta. Labda alidhani yuko pembeni, mdogo, mahali fulani kati ya herufi.

"Shosho, sogea kidogo," mpiga picha akasema, kwa adabu kabisa. "Unaziba picha."

Resian akaenda akasimama kando yake, bega kwa bega, chini ya ule uso unaotabasamu. "Tupige hivi hivi."

Mpiga picha akashusha kamera. Akatazama foleni, akatazama saa. Selpha alikuwa wa tatu kwenye foleni, cheti alichopewa kwa bango mkononi, macho chini.  Resian hakusogea. Angesimama hapo mpaka jua lizame, mpaka bango lioze.

Ni Koko aliyemfinya kiganja, polepole. "Twende, mtoto wangu. Watu wanangoja."

Akamwambia mpiga picha pole. Yeye, pole! Kisha akamwongoza mjukuu wake kando, kwenye kivuli cha ukuta, akakaza fundo la shuka lake. Nyuma yao foleni ikasogea, na kamera ikaanza kulia.