Rejeta Haikuwa Fungu la Mtu

Wazo la kuligawana gari lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu kaka yangu akilisimulia jambo hili huanza na "dada mtu aliamua", na mdogo wangu huanza na "mimi mdogo, nani angenisikiliza", wakati ana miaka thelathini na miwili na mdomo usiolala.

Gari lenyewe alituachia baba. Lina miaka ishirini na sita na rangi yake ya bluu imebaki ndani ya milango tu. Baba alipokuwa hai hatukujua kama gari linakula. Kila akipokea mshahara alitenga pesa ya gari kabla hata ya nyama, na tukinuna alituambia nyama inangoja, breki haimngoji mtu. Alipofariki, gari likawa la mama, ambaye haendeshi, na sisi watatu tukakubaliana kulitunza ili limpeleke hospitali, sokoni na kwa dada yake.

Mwaka wa kwanza tulichanga. Ikawa vurugu tupu. Mimi ni fundi cherehani. Shule zikikaribia kufunguliwa napata, miezi mingine naangalia ukuta. Kaka ni mwalimu, anatoa kwa wakati lakini anadai risiti hadi ya tambara la kufutia kioo. Mdogo wetu, ambaye mpaka leo tunamwita Kitinda, anafanya kazi duka la dawa, na pesa yake siku zote inakuja kesho. Siku tuliyotoleana maneno mbele ya mama kwa ajili ya plagi nne, nikasimama nikasema basi, tuligawane kama shamba. Kaka achukue matairi na springi. Kitinda achukue injini, yaani oili, plagi na chujio. Mimi breki, taa na betri. Kila mtu apange bajeti ya fungu lake na asimuulize mwenzake.

Na msidhani haikufanya kazi. Miaka miwili gari lile lilitunzwa kuliko mimi. Nilikuwa na bahasha kwenye droo ya cherehani, na katika kila nguo tano moja niliishonea breki. Kaka aliponunua matairi mawili mapya alituonyesha picha zake kama mtu aliyepata mapacha. Kitinda, yeye wa kesho, alibadilisha oili kwa tarehe. Nilivimba kichwa, sitaficha. Nilimwambia kila mteja aliyekuja kupimwa kwamba ndugu wasiopatana wanifuate mimi niwafundishe.

Kisha rejeta ikaanza kuvuja.

Fundi wetu wa gari tunamwita Polepole, na jina limemkaa. Siku hiyo alikuwa ananibadilishia pedi za breki. Akaniita niiname, akanionyesha rejeta, lile tangi la mbele linalopoza injini kwa maji. Chini yake lilining'inia tone, likaanguka, likaja lingine.

"Nikiitoa leo nikaichomelea, dada, ni pesa ya kushona sketi mbili za shule," alisema. Alishajua kunihesabia kwa lugha yangu. "Ukiacha, itakuja kukuchemkia njiani. Usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta," nikamalizia. Kila fundi anayetaka pesa yako huanza na ufa. Nikamwambia hiyo si yangu, amtafute mwenye injini.

Kitinda alipoambiwa, alisema rejeta iko mbele ya injini, haimo ndani ya injini, na kama kila kinachopakana na injini ni chake, basi tumwandikie na dereva. Kaka alisema yeye anaishia kwenye magurudumu. Mimi nikasema taa zangu ni jirani wa rejeta, lakini sijaona taa ikinywa maji. Tukatupiana mpira hivyo wiki baada ya wiki. Na pesa nilikuwa nayo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, bahasha ilikuwa imenona, na sketi mbili nashona kwa siku moja. Lakini niliona nikilipa mara moja nimeichukua rejeta milele, na Kitinda atanicheka. Nikajitia hamnazo.

Wakati huo mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto lilishakuwa ukungu mtupu. La kulia lilimwonyesha watu kama nguo zilizoanikwa, anajua kuna kitu pale lakini hajui ni cha nani. Daktari wa upasuaji huja hospitali yetu mara moja kila miezi minne, na mama alikuwa ameshangoja mara mbili bila kufikiwa. Safari hii jina lake lilikuwa la tatu. Mama si mtu wa kuombaomba. Alitaka kitu kimoja, aende sokoni peke yake akachague nyanya zake, bila mtu kumwambia hii nzuri mama, kisha afike nyumbani kidole kizame.

"Nikishaona nyanya," alituambia, "hamtanisikia tena na shida zangu."

Muuguzi alikuwa ametueleza vizuri. Saa mbili kamili asubuhi mgonjwa awe kwenye benchi, maana jicho hutiwa matone ya kulifungua na matone yanataka muda wake. Asiyetiwa matone, daktari hamgusi.

Safari ni ya saa moja. Tuliondoka nyumbani kwa mama, ambako gari hulala, saa kumi na mbili na nusu. Kaka kwenye usukani, mama kando yake na mkoba mapajani, mimi na Kitinda nyuma. Mama alivaa gauni nililomshonea kwa siku hiyo, la vifungo mbele, ili akishafungwa bandeji lisimpitie kichwani. Kila kona alituuliza tumefika wapi. Hakuwa na wasiwasi, alitaka tu kusikia kwamba tunakaribia.

Kwenye mlima wa pili mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Kaka akazima redio, kana kwamba redio ndiyo iliyokuwa inachemka. Mvuke ukatoka chini ya boneti, na gari likasimama lenyewe mbele ya ukuta mrefu wa kiwanda, pasipo nyumba wala bomba.

Tulishuka, mama tukamwacha ndani.

"Kaka, ulitia maji?" nikamuuliza.

"Nitie mimi? Si wewe unayetia?"

"Natia Jumatatu na Ijumaa, nikilichukua."

Kitinda akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hutia Jumamosi, chupa tatu. Kaka akaangalia viatu vyake, akakiri kwamba Jumatano hutia yeye, alfajiri, watu hawajaamka.

Tukatazamana. Mwezi mzima sote watatu tulikuwa tunalinywesha gari lile kwa kujificha, kila mmoja akiogopa kuonekana, kwa sababu ukionekana na chupa mkononi umeshakubali kuwa rejeta ni yako. Na kila mmoja akiona halichemki alidhani mwenzake amejirudi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Alhamisi haikuwa siku ya mtu.

Rejeta ya moto haifunguliwi, na hata ingefunguliwa maji hatukuwa nayo. Kitinda alisimama katikati ya barabara na mikono juu. Magari matano yalimkwepa, likaja la sita, pikapu ya magunia ya mkaa. Dereva alimweka mama mbele, sisi tukapanda nyuma juu ya magunia, Kaka na shati lake jeupe la ualimu. Njia nzima mimi nilikuwa nahesabu dakika na kujitukana kimoyomoyo, na matusi yangu nayajua.

Tulifika saa mbili na dakika ishirini na tano. Muuguzi aliangalia saa, akamwangalia mama, na nikaona jinsi alivyotamani kutusaidia. Wagonjwa wa siku hiyo walikuwa wamekaa kwenye benchi, vichwa nyuma, macho yamefumbwa, matone yameshaingia. Nafasi ya mama alikuwa amepewa mzee mmoja aliyekuja bila kuitwa, kwa kubahatisha.

"Daktari atarudi baada ya miezi minne, mama yangu," alisema muuguzi. "Nitakuandika wa kwanza. La kulia tutalifanya. La kushoto sikuahidi, limengoja sana."

Mama akasema asante. Akauliza kama yule mzee amekuja na mtu wa kumrudisha nyumbani. Kisha akageuka upande wetu, si hasa tuliposimama, kidogo pembeni yetu.

"Nimewasikia kule barabarani," alisema. "Sijafa masikio. Hiyo rejeta ni fungu la nani?"

"Langu, mama," nikasema, na ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kunitoka.

"Langu mimi," akasema Kaka. "Mimi ndiye mkubwa."

Kitinda alikuwa analia. "Rejeta ni injini, kila mtu anajua. Nitalipa mimi, leo leo."

Nikamwambia asinijie na machozi, mimi ndiye niliyeonyeshwa tone. Kaka akasema fundi atalipwa na yeye na mjadala ufungwe. Tukapandishiana sauti pale kwenye korido, watu wazima watatu wenye vumbi la mkaa, tukigombania kitu tulichokikimbia mwezi mzima, mpaka mlinzi akasogea.

"Na mimi je?" mama akauliza. Hakupaza sauti. "Mliponigawana, niliangukia kwa nani?"

Nilitaka kusema kwangu, lakini nilishaona neno hilo linavyosikika mdomoni mwangu.

Mama akasema twendeni nyumbani, mnachelewa kazini. Tulitoka naye hadi mlangoni, penye ngazi nne za kushuka barabarani. Pale akasimama, akanyoosha mkono ili ashikwe.

Naapa haikuwa zaidi ya kufumba na kufumbua. Mimi nilimwangalia Kaka, Kaka akamwangalia Kitinda, Kitinda akaniangalia mimi. Kila mmoja alikuwa na hakika mwenzake ndiye anayeushika. Mkono wa mama ulikaa hewani, ukangoja, ukarudi kwenye mkoba. Akaanza kuitafuta ngazi ya kwanza kwa ncha ya kiatu.

Ndipo sote tukamrukia kwa pamoja, mmoja bega, mmoja kiwiko, mmoja kiuno, kila mtu anavuta kwake.

"Taratibu," mama alisema. "Mtaniangusha."