Akazehe Haiimbwi na Mmoja

Mdomo wangu ndio ulioniponza, kama kawaida. Ilikuwa sikukuu ya Maria kumtembelea Elizabeti, kanisani kwetu Kibondo, na Padre Manirambona alikuwa katikati ya mahubiri. Akasema Maria alipanda kwa haraka mpaka nchi ya milimani, akaingia kwa Elizabeti, akamsalimu, mtoto akaruka tumboni. Kisha akauliza, "Hivi ndugu zangu, ilikuwa salamu gani hiyo mpaka mtoto aruke?" Mapadre huuliza maswali ya namna hiyo bila kutaka jibu. Mimi nikajibu.

"Akazehe!" nikasema, kwa sauti ya sokoni.

Kanisa zima likageuka. Mjukuu wangu Nadine akaficha uso kwenye kitabu cha nyimbo. Lakini Padre, mtoto wa wakimbizi kama mimi, alicheka mpaka akashika mimbari. Baada ya Misa akaniita.

"Mama Marguerite, umenimaliza. Mwezi wa nane kuna tamasha la mashindano ya kwaya Kasulu, na kila parokia inapeleka wimbo mmoja wa asili. Utatuimbia hiyo akazehe. Maria na Elizabeti."

Kwa asiyeijua, akazehe ni salamu ya kuimba ya wanawake wa Burundi. Mgeni anaianza, mwenyeji anaipokea. Huyu akivuta pumzi yule anajaza, mpaka hujui sauti ipi ya nani. Mama yangu alivuka nayo mpaka wa Manyovu akiwa amenibeba mgongoni, hana hata sufuria. Leo mimi ni Mtanzania mwenye kitambulisho, na vijana wangu wanasalimiana "mambo" na "poa", basi, imeisha. Nilitaka ile sauti ya mama isikike mbele ya watu walau mara moja kabla sijafukiwa nayo. Nilitaka sana, sitaficha.

Shida ni kwamba akazehe haiimbwi na mmoja. Na parokia nzima, aliyebaki akiijua barabara alikuwa Consolée, dada wa marehemu mume wangu. Mimi na wifi yangu huyo tulikuwa hatujasemeshana miaka tisa.

Niseme ukweli, maana nimeshaungama. Mama alipofariki, Consolée alikuwa Manyovu kwenye biashara yake ya vitenge, hakuwahi maziko. Siku ya nane akafika. Alianza kuniimbia tangu njiani, akaingia uani akiimba, na mimi nimesimama mlangoni ananiona. Nikamgeuzia mgongo, nikaingia jikoni, nikafunga mlango. Nikamwacha na salamu hewani. Kwetu, afadhali umzabe mtu kofi. Alinyamaza, akaondoka, na mimi kule jikoni nikajiona nimeshinda. Ushindi gani, jamani!

Jumatatu nikaenda kwake. Nilimkuta anapepeta maharage.

"Wifi, hodi. Padre anatuhitaji Kasulu."

Hakuinua macho. "Mimi nilikuja kwako na akazehe," akasema. "Wewe unakuja kwangu na maagizo ya Padre."

Akaendelea kupepeta. Makapi yakanirukia usoni, na sidhani ilikuwa bahati mbaya. Nilirudi nyumbani nimefura. Neno samahani linanikaba kama muhogo mkavu, tangu utotoni.

Basi nikamfundisha Nadine. Mtoto ana sauti, Mungu alimpa. Lakini kuianza akazehe ndiko kugumu, kwa hiyo mimi nikawa Maria na yeye akawa Elizabeti. Maria wa miaka sitini na ushee, Elizabeti wa kumi na tisa! Kwaya ilicheka wiki nzima. Eugène, mwalimu wao, hakucheka.

"Mama, wenzetu wanakuja na vinanda na spika kubwa. Sisi tunakwenda na bibi na mjukuu?"

"Wewe lete kinanda chako, kitakuwa kiti chetu," nikamwambia.

Siku ikafika. Ukumbi wa Kasulu ulijaa mpaka madirishani, na kila kwaya ilitumia spika zikatetemesha bati. Kwenye benchi la tatu, katikati ya akina mama wa parokia yetu, nikamwona Consolée. Eti alikuja kuwatembelea ndugu zake wa mjini. Hakunitazama.

Tukaitwa. Nikapanda jukwaani, nikaianza. Nikafika mahali pa kupokelewa, nikamtazama Nadine. Mdomo uko wazi, machozi yanamlengalenga, sauti hakuna. Woga umemshika. Nikairudia. Hakuna.

Hapo nikaisikia sauti yangu peke yake chini ya lile bati, haina wa kuipokea. Mungu wangu, nilichomwa. Kumbe hivi ndivyo alivyosimama uani kwangu! Eugène alikuwa ananipungia mkono niache, vidole viko tayari kwenye kinanda kunisitiri aibu. Sikuacha. Nikashuka jukwaani.

Nilitembea huku naimba mpaka benchi la tatu. Nikasimama mbele ya wifi yangu, nikaimba jina lake. Nikaimba, kwa Kirundi cha mama, kwamba nilimfungia mlango, kwamba alikuja na amani nikaikataa, kwamba sasa mimi ndiye mgeni niliye uani. Waha wa Kasulu wanakielewa Kirundi vizuri tu.

Nikamaliza mzunguko wa kwanza. Midomo yake imefungwa. Wa pili, vilevile. Nikajisemea, ananilipiza, na ni haki yake. Nilikuwa tayari kuimba mpaka jioni.

Kwenye wa tatu Consolée akasimama. Akakaza kitenge chake kiunoni, akavuta pumzi, akapokea.

Yoo! Nisimulie vipi? Miaka tisa ilitoka kwenye koo la yule mwanamke. Akanijaza pale nilipokatika, nikamjaza alipokatika, tukashikana mikono, machozi yanatiririka na wimbo hausimami. Kisha nikasikia sauti ya tatu. Bibi mmoja wa parokia nyingine, benchi la nyuma, ameipokea. Halafu mwingine kule dirishani. Wazee walioikalia kimya miaka yote, kumbe bado wanayo! Vigelegele vikapasuka, masista wamesimama, Padre Manirambona anaruka kama yule mtoto wa Elizabeti. Nikamwona Eugène amefunga kinanda, anapiga makofi na kulia.

Tulishika nafasi ya kwanza. Sista Tunu, mkuu wa waamuzi, alitangaza mwenyewe. Alisema kanuni inakataza mwimbaji kushuka jukwaani. Akavua miwani, akaifuta. "Lakini Maria naye hakumsubiri Elizabeti nyumbani kwake," akasema. Ukumbi ukalipuka upya.

Nadine alirudi Kibondo ameinamisha kichwa, nikamwacha. Tangu hapo Consolée anapita kwangu karibu kila siku, tunakaa uani tunaimba, na mtoto anaosha vyombo kana kwamba hasikii.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nachochea moto nikamsikia wifi yangu anaianza tangu barabarani. Nikaweka mwiko chini, nikavuta pumzi nimpokee. Kabla sijafumbua mdomo, sauti ikatoka nyuma ya nyumba, kwenye beseni la vyombo, changa, safi, ikaingia pale pale panapotakiwa. Nadine. Akatokea uani mikono ina povu, akimwendea Consolée, haogopi kitu.

Nikabaki mlangoni, kimya. Ilikuwa mara ya pili maishani mwangu kumwacha wifi yangu uani bila kumjibu, na safari hii nililia kwa furaha.