Wageni wa Arobaini

Kasmiri mpiga picha alianika picha zake kwenye kamba ya nguo mbele ya banda lake pale Kabuku, akazibana kwa vibanio, akaenda kunywa chai. Ndugu Ernesti, katibu wa kijiji kipya cha jirani, ndiye aliyemtuma kwa baiskeli akapige picha vyumba vya mahame, zile nyumba zilizohamwa, ili wakubwa wa wilaya waone kwa macho yao kwamba watu wote wamehamia kijijini na huko nyuma hakukubaki hata kuku.

Aliporudi, wanawake walikuwa wameizunguka kamba kama wako harusini.

"Jamani, si Bi Hajira huyu? Kafa mwaka ule wa njaa, na leo kawahi kukaa kungoja sinia!"

"Na kanga yake ileile. Hata kaburini hakumwazima mtu."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Fatu, aliyekuja kununua chumvi, hakucheka. Chumba kile kilikuwa chake. Alikiacha kitupu, kitanda, vyungu na kuku waliofungwa miguu vilipandishwa lori, na mgambo wakang'oa mlango ili mtu asirudi kulala. Sasa kwenye picha watu walikuwa wamebanana ukuta kwa ukuta, mikono wameshanawa, wameiinua isiguse kitu. Mlangoni, juu ya kigoda, alikaa Mbaruku, marehemu mume wake.

Fatu alielewa palepale. Mbaruku alipofariki, yeye alikaa eda ndani ya nyumba ile, na arobaini ilipokaribia mchele ukapepetwa. Ndipo lori likaja. Alimwomba Ernesti wasome arobaini kwanza. Ernesti akajibu kwamba lori ni la taifa, halisubiri pilau. Mjane wa eda hatoki nje, lakini Fatu alibebwa mzobemzobe, na tangu siku hiyo hakuona sababu ya kujifungia. Walioalikwa walio hai walihamishwa vilevile, kila mtu na lori lake. Waliokufa hakuna aliyewapa taarifa kwamba arobaini imevunjika. Wakaja.

"Wageni kwangu," alisema, "na hakuna hata wa kuwapa maji!"

Kutoka Kwedizinga hadi Kwamsisi watu walikuwa wakipindisha safari makusudi ili njaa iwakute kwa Fatu.

Aliichukua picha, akaenda nayo ofisini. Aliomba ruhusa arudi mahameni, akawapikie wageni na kumalizia eda yake. Ernesti alivaa miwani, akaitazama picha pande zote.

"Mama, hawa mbona hawajahamia?"

"Wamekufa, Ndugu Katibu."

"Sikuuliza hilo. Nauliza kuhamia."

Kesho yake lori lilitumwa mahameni. Lilirudi alasiri limelala kwa uzito, na nyuma hakuonekana mtu. Habakuki, dereva, alifungua bodi, akasimama pembeni akisema shikamoo, shikamoo, mpaka mdomo ukamkauka.

Majirani walileta masufuria. Efrazia, ambaye ni Mkristo na hajui kisomo cha arobaini, alileta kuku wawili, akakaa kumenya vitunguu na kuuliza nani kamzaa nani. Nyumba aliyopewa Fatu kijijini ilikuwa chumba kimoja, kidogo kuliko jiko la zamani la Fatu, lakini wote waliingia. Wali uliisha hadi ukoko. Fatu alihudumu huku jasho likimtiririka na uso unang'aa. Ilipofika zamu ya kumpakulia mwenye nyumba, akatazama huku na huku.

"Mzee alikataa kupanda," Habakuki alimwambia taratibu. "Anasema mke wake yuko eda. Atarudi kuimalizia kwake."

Fatu alirudi kwa Ernesti kuomba ruhusa tena. Safari hii hakukaribishwa kiti. Mahame yamefungwa, aliambiwa, na jembe lake linasubiriwa kwenye shamba la ujamaa.

Ernesti alimtuma Kasmiri tena, ahakikishe chumba ni kitupu. Fatu alimfungia bakuli la wali nyuma ya baiskeli, limefunikwa kawa. Kasmiri alirudi na bakuli limekombwa safi, na picha. Paa lilikuwa limeshaporomoka. Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Mbaruku alikaa kwenye kigoda chake katikati ya chumba, ameipa kamera mgongo, anatazama nje.

"Aliyegeuka hahesabiwi," alisema Ernesti. Akaitundika picha dirishani mwa ofisi, chini yake akaandika: CHUMBA KITUPU.

Kila asubuhi wanakijiji hupita hapo na majembe begani. Husema shikamoo mzee, wakaendelea. Fatu hubaki nyuma kidogo, akajitanda kanga vizuri.

"Bado hawajaniruhusu, baba Mwanaidi," humwambia mumewe.

Kisha huwakimbilia wenzake. Kwenye picha, kigoda kimesogea mpaka kizingitini.